Kuchagua prosesa ya kompyuta ndogo ya gemu kwa mfuko mdogo: Stika ya i7 haitoshi

KIJANA wa Nyasho, mjini Musoma, anayetafuta kompyuta mpakato ndogo ya kuchezea gemu huanza ununuzi wake kwenye kioo cha simu. Maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na yale ya Mwanza hutangaza bidhaa zao mitandaoni. Picha hutumwa, bei hujadiliwa, fedha hupita kwenye simu, kisha mzigo hupakiwa kwenye basi na mnunuzi huusubiri stendi ya Bweri. Mwanza iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma kwa barabara ya Magu, Lamadi na Bunda, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000. Mzigo ukifika na kuonekana haufai, kuurudisha ni gharama nyingine, na mara nyingi ni malumbano yasiyokwisha.

Tangazo lenyewe huwa fupi: "Core i7, RAM 8, SSD 256, safi kama mpya." Kwa maelezo hayo tu, mtu aliyedunduliza fedha zake mwaka mzima anaweza kulipia mashine iliyo dhaifu kuliko ile ya i5 iliyokuwa ikiuzwa katika duka hilo hilo kwa bei ya chini. Si lazima muuzaji awe mwongo. Stika ni ya kweli na RAM ni ya kweli. Kilichokosekana ni jina kamili la prosesa, yaani kile kifaa kinachofanya hesabu zote za kompyuta, ambacho wengine hukiita kichakataji.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa mpenzi wa gemu kuliko kwa karani. Anayechapa barua na kutunza hesabu za duka huweza kuridhika na mashine ya miaka kumi iliyopita. Gemu haina subira. Picha ya mchezo wa mpira wa miguu au wa mbio za magari inatakiwa ichorwe upya angalau mara 30 kila sekunde, na wachezaji wengi hawaridhiki mpaka ifike mara 60. Isitoshe, prosesa si kama RAM au SSD ambayo fundi huweza kuibadilisha baadaye. Katika kompyuta mpakato nyembamba imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, hivyo kosa la siku ya kununua hubaki mpaka siku ya kuiuza.

Namba zilizo nyuma ya stika

Mfano ulio wazi ni wa prosesa mbili za kampuni ya Intel, ambazo zimo katika kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani kabla ya kuletwa Afrika Mashariki. Core i7-7500U ilitoka mwaka 2016. Core i5-8250U ilitoka mwaka uliofuata, 2017. Zote mbili zimepangiwa matumizi ya umeme ya wati 15. Hata hivyo, ile ya kwanza, pamoja na i7 yake, ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, wakati ya pili ina viini vinne na huweza kushughulikia nyuzi nane za kazi kwa wakati mmoja. Gemu za miaka ya karibuni hugawa kazi zake kwa viini vingi, kwa hiyo i5 hiyo huiacha i7 mbali.

Kizazi cha prosesa ya Intel husomwa katika namba inayofuata kistari. Katika 7500 ni kizazi cha saba, katika 8250 ni cha nane. Namba ikianza na 10, 11, 12 au 13, tarakimu hizo mbili ndizo za kizazi, hivyo 1035 ni ya kizazi cha 10 na 1135 ni ya kizazi cha 11. Muuzaji anayesema "i7" bila kutaja kizazi hajasema kitu, kwa sababu jina la Core i7 limetumika tangu mwaka 2008.

Herufi ya mwisho nayo ina habari yake. U ni ya mashine nyembamba zinazotunza betri, kwa kawaida wati 15. H ni ya mashine nzito za kazi na gemu, kwa kawaida wati 45, na zile za zamani zaidi ziliandikwa HQ. P, iliyoingia mwaka 2022 pamoja na kizazi cha 12, iko katikati kwa wati 28. Inayopasa kuogopwa na mchezaji ni Y. Prosesa kama Core i7-7Y75 imepangiwa wati 4.5, imetengenezwa kwa ajili ya mashine nyembamba mno, nyingi zisizo na feni, na haina msuli wa gemu hata kama stika yake inang'aa sawa na nyingine.

Kwa mnunuzi wa leo, kizazi cha nane ni mpaka wa aina nyingine pia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane. Mafundi wanazo njia za kuilazimisha kukaa katika mashine za zamani, lakini kukaa si kucheza. Gemu ya Valorant, kwa mfano, ikiwa kwenye Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na uwashaji salama, la sivyo haifunguki. Kijana aliyenunua mashine ya kizazi cha sita kwa ajili ya mchezo huo atakuwa amenunua usumbufu.

Kuna kosa lingine la upande wa pili, nalo ni kulipa ziada kwa ajili ya i7 ndani ya kizazi kile kile. Core i7-8650U na Core i5-8250U zote zina viini vinne, na zote zimebeba chipu ya michoro ya UHD 620. Tofauti kubwa iko katika kasi ya juu, gigahezi 4.2 kwa 3.4. Katika kompyuta ndogo isiyo na kadi ya michoro ya pekee, kinachokwamisha gemu ni ile chipu ya michoro, ambayo ni moja kwa zote mbili. Fedha ya kupandia i7 hapo ingefanya kazi zaidi kwenye RAM.

Upande wa AMD

Wauzaji wengi wa mitumba ya kompyuta huijua Intel kuliko AMD, na baadhi ya wanunuzi wangali na kumbukumbu ya zamani kwamba AMD huchemka na kumaliza betri. Kumbukumbu hiyo ilikuwa na sababu zake katika miaka ya kabla ya 2017. Tangu familia ya Ryzen ilipoingia katika kompyuta mpakato mwishoni mwa mwaka huo, na hasa toleo la 4000 la mwaka 2020, mwenye mfuko mdogo anayetaka mashine ndogo ya gemu anapaswa kuanza kutazama huku. Sababu ni kwamba AMD iliweka ndani ya prosesa za kawaida chipu ya michoro yenye nguvu kuliko ile Intel iliyokuwa ikiiweka katika zake za wakati ule.

Ryzen 5 3500U ya mwaka 2019 ina viini vinne, nyuzi nane na chipu ya michoro ya Vega 8. Ni prosesa ya heshima, ingawa hutumia betri kwa pupa kidogo. Ryzen 5 4500U ya mwaka 2020 ilipanda hadi viini sita na kushuka hadi teknolojia ya nanomita 7, jambo lililoifanya iwe na nguvu zaidi na joto dogo zaidi kwa kazi ile ile. Ndugu yake wa maofisini, Ryzen 5 PRO 4650U, ana viini sita na nyuzi 12, na ndiye anayepatikana katika kompyuta za ofisi za inchi 13 na 14 kama ThinkPad T14 ya toleo la kwanza, EliteBook 835 G7 na EliteBook 845 G7. Kwa yeyote anayetaka kitu kidogo cha kubeba begani kutoka Nyasho hadi chuoni, kikachapa kazi mchana na kucheza usiku, hizi ni mashine za kuuliziwa kwa majina.

AMD nayo ina mitego, na mtego wake ni mbaya zaidi kwa sababu unawanasa hata wanaonunua mpya dukani. Ryzen 5 5500U na Ryzen 5 5600U zilitangazwa kwa pamoja mwaka 2021 na zinaonekana kama mtu na mdogo wake. Kwa kweli ya kwanza imejengwa kwa usanifu wa zamani wa Zen 2 na ya pili kwa Zen 3. Zote mbili zinafaa kwa gemu, lakini hazistahili bei moja.

Ya kuangaliwa sana ni Ryzen 5 7520U. Namba yake ni kubwa, mashine zake huwa mpya ndani ya boksi, na bei yake huvutia. Ndani yake kuna viini vinne vya Zen 2, usanifu wa mwaka 2019, na chipu ya michoro ya Radeon 610M yenye vitengo viwili tu vya kuchorea. Katika gemu, Ryzen 5 5500U ya miaka ya nyuma, yenye vitengo saba vya Vega, huishinda bila shida. Katika mfululizo huo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema ukweli: 7520U ni Zen 2, 7530U ni Zen 3, na 7640U ni Zen 4. Anayejua siri hiyo moja huokoa fedha nyingi, maana kwa macho ya kawaida 7520U na 7530U zinatofautiana kwa tarakimu moja ya katikati.

Kuhusu Celeron na zile za N kama N4020, yenye viini viwili na wati 6, hakuna mengi ya kusema. Zinafaa kwa masomo na kuangalia filamu. Gemu ya zamani kama GTA San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, itakwenda. Zaidi ya hapo ni kujitesa.

Kwa nini vijiti viwili vya RAM

Kompyuta ndogo ya bei nafuu kwa kawaida haina kadi ya michoro ya pekee. Chipu ya michoro imo ndani ya prosesa na haina kumbukumbu yake yenyewe, hivyo huazima sehemu ya RAM ya kompyuta. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, RAM ya GB 8 haibaki GB 8, kwa kuwa sehemu yake huchukuliwa na michoro, na Windows huchukua fungu lake, gemu ikabakiwa na kidogo. Pili, kasi ya kuchora hutegemea wingi wa data zinazoweza kupita kati ya RAM na prosesa kwa sekunde.

Hapo ndipo vijiti viwili vinaposhinda kimoja. Kijiti kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Vijiti viwili vya aina hiyo, kila kimoja katika njia yake, hupitisha hadi GB 51.2. Ni sawa na barabara ya njia moja iliyoongezewa njia ya pili. Ofisini mtu hawezi kuhisi tofauti hiyo. Kwenye gemu huonekana wazi, na mara nyingine ndiyo hutenganisha mchezo unaochezeka na usiochezeka, ilhali prosesa ni ile ile na jumla ya RAM ni ile ile.

Intel yenyewe imelikubali jambo hili kwa namna ya ajabu kidogo. Prosesa yake ya Core i5-1135G7, iliyotoka mwaka 2020, ina chipu ya michoro iitwayo Iris Xe, ambayo kwa mara ya kwanza iliiweka kampuni hiyo karibu na AMD katika mashine nyembamba. Ila mashine ikiwa na kijiti kimoja cha RAM, chipu hiyo hiyo haitambulishwi tena kama Iris Xe, bali UHD ya kawaida. Mnunuzi akiona tangazo la i5-1135G7 na picha ya skrini inayosema UHD, asidhani ameuziwa prosesa bandia. Aulize RAM imekaaje.

Tarakimu inayofuata G katika kizazi cha 10 inahusu jambo hilo la michoro. Core i5-1035G1 na Core i5-1035G7 zina viini vinne kila moja, lakini G1 ina vitengo 32 vya kuchorea na G7 ina 64. Wauzaji wengi huandika "i5 10th" na kuishia hapo.

Kabla ya kununua inafaa kujua pia kama RAM inaweza kuongezwa. EliteBook 845 G7 ina nafasi mbili za vijiti. ThinkPad T14 ya toleo la kwanza ina RAM iliyochomelewa kwenye ubao na nafasi moja ya kuongezea, hivyo yenye GB 8 kwenye ubao ikiongezewa kijiti cha GB 8 hupata njia mbili. Zile ambazo RAM yote imechomelewa, kama ilivyo kwa mashine za Ryzen 5 7520U, hubaki jinsi zilivyotoka kiwandani. Mashine ya GB 8 iliyofungwa hivyo haifai kuitwa ya gemu.

Wati, joto na umeme wa nyumbani

Hamu ya kuingiza gemu ndani ya kompyuta ndogo si ya leo. Mwaka 2010 kampuni ya Dell, kwa jina lake la Alienware, ilitoa M11x yenye kioo cha inchi 11.6 na bei iliyoanzia dola 799 za Marekani. Wabunifu wake walitumia fedha kwenye kadi ya michoro, GT 335M ya Nvidia, na kuweka prosesa ndogo za gigahezi 1.3 tu, Pentium SU4100 au Core 2 Duo SU7300, zilizopangiwa wati 10. Gemu zilizoegemea kadi zilikwenda vizuri kwa wakati ule. Zilizoegemea prosesa zilisuasua. Tangu hapo kila mtengenezaji wa mashine ndogo amekuwa akigawa mfuko huo huo wa wati kati ya prosesa na michoro, na mpaka leo haujawatosha wote wawili.

Prosesa ikifikia joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana mashine mbili zenye prosesa moja zinaweza kutofautiana sana. Yenye feni nzuri hushikilia kasi saa nzima, nyembamba mno huanza kwa kishindo na baada ya dakika kumi ikalegea. Mchana wa Musoma si wa kipupwe, na nyumba nyingi hazina kiyoyozi, kwa hiyo mnunuzi wa huku hana budi kulipa uzito suala la feni kuliko wanavyolieleza wapimaji wa Ulaya. Mashine iliyotumika miaka mitano hubeba vumbi la miaka mitano. Kumlipa fundi aifungue, asafishe feni na kubadilisha dawa ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa mara nyingi hurudisha kasi ambayo mwenye nayo alidhani imepotea kwa uzee.

Suala la wati linahusu pia ukutani. Mashine za U hutumia chaja za wati 45 hadi 65, nyingi zikiwa za tundu la USB-C. Za H zenye kadi ya michoro ya pekee hudai chaja za wati 120 na kuendelea. Umeme ukikatika, ya kwanza inaweza kuendelea kwa mfumo mdogo wa sola wa nyumbani wenye kibadilisha umeme cha kawaida. Ya pili itauzidi mfumo huo. Kwa wale wanaotoka mjini mwisho wa juma kwenda vijijini Butiama au Bunda, tofauti hiyo si ndogo. Aidha, gemu ikichezwa kwa betri peke yake, kompyuta nyingi hupunguza nguvu za prosesa na kadi, hivyo madai ya "betri saa nane" katika tangazo hayahusiani na mchezaji hata kidogo.

Fedha zikiwa mkononi

Kwa mwenye mfuko mdogo kabisa, anayetafuta zilizotumika za bei ya chini, prosesa ya kuanzia ni i5-8250U au i5-8350U pamoja na vijiti viwili vya RAM. UHD 620 itamchezea gemu za zamani na baadhi ya mpya kwa picha iliyopunguzwa ubora. Kama alizoea kucheza mpira kwenye kibanda cha PlayStation, asitarajie picha ile. Tena, ikiwa nia ni mpira tu na marafiki sebuleni, PlayStation iliyotumika na televisheni ni njia fupi zaidi. Kompyuta hushinda kwa sababu asubuhi hurudi kazini: huchapa, huhariri video za harusi, hufanya maombi ya ajira.

Akipata kidogo zaidi, fedha hiyo isiende kwenye i7 ya kizazi hicho hicho. Ivuke kwenda Ryzen 5 PRO 4650U, 4500U au 5500U, au i5-1135G7 yenye vijiti viwili. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote katika soko la mashine ndogo. Counter-Strike 2, Valorant, eFootball na GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, zote huchezeka kwa mipangilio ya chini au ya kati. Ryzen 7 4700U ina viini vinane na vitengo saba vya michoro badala ya sita. Ni nyongeza ya kupokea ikiwa bei zinakaribiana, si ya kukopea.

Ngazi ya juu ya hapo ni Ryzen 5 6600U na Ryzen 7 6800U za mwaka 2022. Ya pili ina chipu ya Radeon 680M yenye vitengo 12 vya usanifu mpya, na ndiyo iliyozifanya kompyuta nyembamba zianze kusogelea mashine zenye kadi ndogo ya pekee. Tatizo lake ni bei, hata ikiwa imetumika.

Njia ya mwisho ni kuachana na wepesi na kununua mashine ya inchi 15.6 yenye prosesa ya H na kadi ya pekee kama GTX 1650 ya mwaka 2019. Kwa gemu peke yake, hakuna chipu ya ndani ya miaka ile inayoifikia. Hapa mnunuzi achague prosesa ya wastani, kama i5-9300H yenye viini vinne au Ryzen 5 4600H yenye viini sita, na asilipie i7 wala Ryzen 7, kwa kuwa kadi hiyo ndiyo itakayochoka kwanza. Wanaotaka kadi ya pekee na udogo kwa pamoja wana mashine kama ROG Zephyrus G14 ya mwaka 2020, inchi 14 na uzito usiozidi kilo mbili, lakini hiyo huuzwa kwa bei inayoitoa katika mazungumzo ya mfuko mdogo.

Kabla ya kutuma fedha

Ombi la kwanza kwa muuzaji liwe video fupi, si picha. Mashine ikiwa imewashwa, abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kufungua ukurasa wa utendaji. Hapo jina kamili la prosesa husomeka juu, na upande wa RAM huonekana kasi yake na idadi ya nafasi zilizotumika. Amri ya dxdiag huonyesha jina la chipu ya michoro. Amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti ya betri, yenye uwezo wake wa kiwandani na uliobaki sasa. Ikiwa uliobaki ni chini ya nusu, bei ya betri mpya iingizwe katika majadiliano.

Anayekataa kufanya hivyo kwa kisingizio cha haraka ya wateja, biashara yake ijulikane hivyo. Mwenye duka mjini Musoma anaweza kudai bei ya juu kidogo kuliko ya Kariakoo, lakini mbele yake mteja anaweza kukaa, kuchomeka chaja, kufungua gemu na kuichezesha kwa nusu saa huku akisikiliza feni na kuangalia kama mwendo unashuka. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko punguzo la elfu thelathini. Risiti ya EFD idaiwe kokote, ikiwa na namba ya utambulisho ya mashine, na muda wa dhamana uandikwe badala ya kusemwa.

Mzigo ukifika stendi ufunguliwe kabla wakala wa basi hajaondoka, na kitu cha kwanza kukaguliwa baada ya kioo kiwe chaja. Mashine za chaja ya wati 65 huwashwa pia na ya wati 45 iliyookotwa kwenye kabati, zikafanya kazi za kawaida bila kulalamika, na mwenyewe akaja kugundua upungufu usiku anapofungua gemu na betri ikashuka ilhali waya umechomekwa ukutani.